Ulimi wa Mzee Athumani na Karatasi ya Ijumaa

Vijana, mkiniona hapa Free Area nikiota jua na kofia yangu ya sufu, msidhani nilizaliwa mstaafu. Niliwahi kuwa mjinga kama nyinyi, tena mjinga mwenye penseli. Mjinga mwenye panga watu humwona akija wakakimbia. Mwenye penseli hukaribishwa ofisini na kupewa kiti.

Mjukuu wangu Chelagat anasimamia kiwanda siku hizi. Juzi alinijia na makaratasi ya rangi rangi, mstari mmoja ukipanda, mwingine ukishuka, akaniambia mambo ni mazuri. Nikamwuliza, hicho mnachotengeneza kinanuka vipi? Akacheka, akadhani ni uzee. Basi nimeamua kuwaeleza nyote kwa pamoja, ili nisirudie.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani katika kiwanda cha siagi hapa Nakuru, karibu na reli. Jina lake haliwasaidii, kilishakufa na wenyewe walishapanda meli. Wazungu wenye mashamba ya Rongai, Njoro na Subukia walikuwa wakitenga krimu na maziwa kwa mashine huko kwao. Maziwa yaliyobaki waliwapa nguruwe na ndama, na krimu walituletea sisi kwa mikebe mikubwa ya bati. Sisi tuliisuka ikawa siagi, tukaitia chumvi, tukaipakia kwenye masanduku. Mengine yalikwenda hoteli za Nairobi, mengine Mombasa na kutoka hapo ng'ambo.

Meneja wetu, Mzungu, tulimwita Bwana Senti, ila si mbele yake. Hakuwa mwizi wala mkatili. Alikuwa mtu ambaye penseli ikifupika mpaka haishikiki, aliifunga kwenye kijiti na kuendelea nayo mwezi mwingine. Kila Ijumaa alitaka karatasi moja kutoka kwangu, na katika karatasi hiyo alitazama namba moja tu. Nilijumlisha mishahara, kuni za boila, chumvi, mafuta ya lori na takataka nyingine, nikagawanya kwa ratili za siagi tulizotengeneza wiki hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya ratili moja. Ikishuka, Bwana Senti alinipa sigara, ingawa sikuvuta. Ikipanda, alinitazama kama mimi ndiye niliyekula kuni.

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nimejaa hesabu na majivuno. Niliipenda namba ile kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza. Niliamka nikiiwaza.

Mtu niliyemwona ananiharibia namba alikuwa Mzee Athumani. Alikaa mtaa wa Bondeni. Baba yake alikuja bara kutoka pwani akiwapikia watu waliojenga reli, akaoa hapa, akafia hapa. Kazi ya Mzee Athumani ilikuwa kuonja. Mikebe ilipofika asubuhi alipita kutoka mmoja hadi mwingine na kijiko chake, na nyuma yake mtu mmoja alibeba chaki ya kuandika gredi kwenye kifuniko: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gredi ndiyo iliyoamua mwenye shamba alipwe ngapi na krimu yake isukwe na ipi. Saa nne kazi yake ilikuwa imekwisha, naye anakunywa chai ya tangawizi kando ya boila. Na mshahara wake ulizidi wangu. Hilo ndilo lililoniuma, msione nikizungusha maneno.

Baadaye alinifundisha, kwa hiyo nawapa bure. Kwanza, kabla hujakoroga, fungua kifuniko na uingize pua hapo hapo, maana harufu ya kwanza ndiyo ya kweli na hukimbia upesi. Pili, suuza mdomo kwa maji ya vuguvugu, si ya baridi. Maji ya baridi huulaza ulimi. Krimu ikae mdomoni mpaka ipate joto, kisha uiteme kwenye boksi la unga wa mbao. Ukisikia uchungu kidogo nyuma ya ulimi, ng'ombe wamekula magugu. Ukisikia kama unaramba msumari, mkebe una kutu. Asubuhi ya kazi hakuna kitunguu, hakuna tambuu, hakuna tumbaku. Na mwezi wa kufunga? Mzee Athumani aliwahi kumwuliza shehe, akaambiwa kuonja kwa haja ya kazi kisha kutema hakuna ubaya, lakini yeye aliona haya, akatumia pua peke yake. Watu wa mashamba waliuogopa mwezi huo. Pua yenye njaa haisamehi.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu.

Tulikuwa na watu watatu wa kuosha mikebe, Wakikuyu waliokulia kwenye mashamba ya Njoro. Mkubwa wao aliitwa Njuguna, mtu wa kuimba nyimbo za kanisani huku amejipaka sabuni hadi mabegani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikiwakamata Wakikuyu ovyo. Asubuhi moja lori la askari lilisimama langoni, wakaitwa majina, wakaondoka na aproni zao bado zinatiririka maji. Hawakurudi. Wake zao walikuja kuuliza, na hapakuwa na wa kuwajibu.

Ijumaa hiyo gharama ya ratili ilishuka. Mishahara mitatu ilikuwa imetoka. Bwana Senti alipiga mstari chini ya namba akaniambia, "Wiki hii mzuri sana." Nami nikafurahi. Nikaipokea sigara. Ningeweza kuwaficha jambo hilo, lakini nikilificha sina haja ya kufungua mdomo.

Mikebe michafu ikaanza kurundikana. Bwana Senti hakutaka kuandika watu wapya. Ndipo karani wenu akapata wazo. Nilimwambia kwamba mafuta ya krimu tunayapima kwa chupa na tindikali, na kipimo kinatoa namba safi kabisa. Tuwalipe watu kwa kipimo cha mafuta peke yake. Mzee Athumani anaramba vijiko tu mpaka saa nne, basi aoshe mikebe. Bwana Senti alifikiri muda wa kunoa penseli, akakubali.

Nilitumwa mimi nimpelekee habari. Mzee Athumani alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa kijiko chake kwa kitambaa, akaniuliza:

"Basi karani, siagi ikianza kuharibika wewe utajuaje?"

"Namba itapanda, Mzee."

Alinitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyepanda mezani, kisha akakunja mikono ya shati akaenda kwenye mikebe.

Wiki zilizofuata nilitembea Bondeni kama mtu aliyevumbua reli. Namba ilishuka, ikashuka tena. Bwana Senti akapata wazo lake pia: lori la Rongai lisiondoke mpaka lijae. Kwa nini lichome mafuta likiwa nusu? Kwa hiyo mikebe ilikaa kwenye vichanja vya mbao kando ya barabara tangu alfajiri, jua likiipiga mpaka bati likaunguza mkono, na lori lilifika kwetu saa nane badala ya saa tatu. Wenye mashamba nao si wajinga. Waligundua upesi kwamba hakuna anayeonja tena, na krimu iliyochacha ina mafuta yale yale. Wakaanza kutuletea ya juzi, halafu ya siku tatu.

Dalili zilikuwepo. Otieno, mtu wa boila, aliyekuwa akijipakia siagi kwenye mkate mpaka mkate hauonekani, alianza kula mkate mkavu. Nilimwuliza, akasema tumbo lake limebadilika. Maziwa yaliyobaki baada ya kusuka, yale ambayo wafanyakazi walipigania kubeba nyumbani, yalimwagwa. Hata paka wa kiwanda walihama wote wanne wakaenda kukaa kwa kinyozi. Niliyaona haya yote kwa macho yangu. Lakini karatasi ya Ijumaa haikuwa na safu ya paka.

Siku moja adhuhuri mtu alikuja kutoka stesheni akasema bwana stesheni anatuomba tukachukue maiti yetu. Tukashtuka. Kufika, tukakuta masanduku yetu ya siagi yamerudishwa na hoteli moja ya Nairobi, yamekaa kivulini, na abiria wote wamehamia upande wenye jua. Nilifungua moja. Nilikuwa nimeisoma siagi ile kwa miezi, kila ratili nikiijua kwa senti, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuinusa.

Wiki ile ile ikaja barua kutoka ng'ambo. Mnunuzi alisema siagi yetu ina ladha ya samaki, na kwamba ameiuza kwa watengeneza sabuni. Barua ilitaja namba za masanduku. Nilikwenda kwenye kabati nikatafuta yalipakiwa lini. Zilikuwa wiki nne za kwanza baada ya Mzee kuacha kuonja, kila moja na mstari wa Bwana Senti chini ya namba. Hapo nilikaa kitini, nikaelewa kwamba namba yangu ilikuwa kweli tupu na ilikuwa imenidanganya. Ilijua tulichotumia wiki hii. Tulichoharibu ingekijua baada ya miezi mitatu, barua ikishavuka bahari.

Wenye kiwanda waliitisha mkutano. Walikuwa wenye mashamba sita, na mkubwa wao alikuwa Meja mmoja wa Rongai, mtu wa masharubu na buti. Niliitwa nisimame ukutani nishike makaratasi. Bwana Senti alieleza kwamba gharama ziko chini kuliko wakati wowote, na alisema kweli. Kisha akasema ubovu umetokana na mikebe kuoshwa vibaya, na anayeosha ni Athumani. Meja akasema basi Athumani aondoke mwisho wa wiki.

Mnafahamu maana ya kuondoka wakati ule? Mwajiri aliandika kwenye karatasi zako kwa nini umetoka, na hakuna kiwanda kingine ambacho kingekuchukua ukiwa na maneno mabaya. Nyumba ya Bondeni ingekwenda, na Mzee alikuwa na mabinti wawili na mama mzee kitandani. Mimi nami karatasi zangu zilikuwa mikononi mwa watu hao hao. Ningependa kuwaambia kwamba niliongozwa na ushujaa. Kwa kweli niliisikia sauti yangu ikitoka kabla sijairuhusu.

"Mikebe haina makosa, Bwana. Mimi ndiye niliyesema Mzee Athumani asionje tena."

Bwana Senti aligeuka kunitazama. Meja akauliza, "Wewe karani nasema nini?" Nikaeleza yote, kijiko, chupa za tindikali, krimu ya siku tatu, lori linalongoja lijae. Sikumtaja Bwana Senti kwa ubaya. Nilisema tu kwamba karatasi niliiandika mimi, na kwamba haina pua.

Meja alisimama akasema, "Ita yeye."

Lori lilikuwa limefika punde tu. Tukatoka wote uani. Mzee Athumani alikuja na mikono imelowa, akawaamkia, akaomba maji ya vuguvugu. Alisuuza mdomo bila haraka, mabwana sita wakimngoja. Akaanza. Mkebe wa kwanza, gredi ya pili. Wa pili, ya pili. Wa tatu, ya tatu, mkebe una kutu. Wa nne ulikuwa na duara jekundu kwenye kifuniko, na duara jekundu lilikuwa alama ya shamba la Meja. Mzee Athumani aliijua alama hiyo kuliko mimi. Niliomba Mungu ampe mafua hapo hapo.

Alifungua, akainama, akanusa. Akaonja, akakaa nayo muda mrefu, akatema.

"Hii ni gredi ya tatu," alisema. "Imekaa juani tangu alfajiri. Na mashine iliyoitenga haikufunguliwa kuoshwa jana."

Meja alinyoosha mkono akachukua kijiko, akakichovya mwenyewe, akatia mdomoni. Mtu mkubwa hawezi kutema mbele ya watu, kwa hiyo aliimeza. Niliiona ikishuka. Macho yalimtoka machozi.

"Kweli," alisema alipoweza. "Lipa mimi ya tatu."

Mzee Athumani alirudishiwa kijiko siku hiyo, na waoshaji wapya wakaandikwa. Mimi sikufukuzwa, lakini Bwana Senti hakunisemesha wiki mbili, ila kwa kunielekezea kitu kwa kidevu. Halafu akaniita, akaniambia karatasi ya Ijumaa iwe na mambo mengine pia. Furaha yangu! Vijana, nilihesabu kila kitu. Joto la krimu, mikebe iliyobonyea, nzi dirishani, mikanda ya mashine iliyokatika, hata paka waliorudi kutoka kwa kinyozi. Karatasi ikawa tatu, mistari arobaini na zaidi. Bwana Senti aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, akauliza ni nani atakayesoma hiyo.

Nilimpelekea Mzee Athumani nikitafuta huruma. Akaniambia, "Nikikuuliza mgonjwa ana nini, usinihesabie nywele zake." Tukakaa kando ya boila tukaikata. Tulibakiza mikebe mingapi imepata gredi ya kwanza, krimu imekaa saa ngapi tangu itoke shambani, na masanduku mangapi yamerudishwa. Gharama ya ratili nikataka kuifuta kwa hasira. Yeye ndiye aliyenizuia, akisema Bwana Senti naye ni binadamu, aachiwe kitu chake.

Na alifanya vizuri kunizuia, maana baada ya hapo alikosea yeye mwenyewe. Mtu aliyedhalilishwa akirudishiwa kijiko huwa mkali. Alikataa mikebe kulia na kushoto. Wiki moja Jumanne na Jumatano hatukusuka kitu, krimu ya gredi ya kwanza ilikuwa haitoshi hata kulowesha pipa. Boila lilikuwa linawaka, watu wamekaa wanacheza bao, na lori limekwenda na kurudi. Bwana Senti alikuja na karatasi, na safari hii haki ilikuwa yake. Nikatumwa tena.

Mzee aliitazama namba ya gharama, akauliza imepandaje hivyo. Nikamweleza kuni, mishahara, mafuta ya lori.

"Kwa hiyo ulimi wangu unakula kuni?"

"Unakula, Mzee. Jumanne peke yake umekula mkokoteni mzima."

Alikiweka kijiko chini. Nilidhani nimemwudhi. Kisha akasema kumkatalia mtu mlangoni ni kumlilia maiti, dawa ilipaswa kutolewa Rongai. Akaomba ruhusa, akapanda lori asubuhi mbili mfululizo, mzee wa watu, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameona kichanja ambacho mikebe ilikaa muda wa saa saba ikingoja lori lijae. Akataka mambo mawili. Mikebe ifunikwe magunia yaliyoloweshwa, na lori liondoke saa moja asubuhi, lijae lisijae.

La magunia Bwana Senti alilikubali hapo hapo, kwa kuwa magunia yalikuwepo na maji ni ya mto. Lori kuondoka nusu tupu lilikuwa jambo jingine. Alipiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu gharama ilipanda. Nilimwekea karatasi kando yake, saa ambazo krimu ilikaa upande huu, masanduku yaliyorudi upande ule. Akafuatisha kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwishowe aliweka sahihi kwa ile penseli ya kijiti, uso umemkunjamana kama mtu anayeng'olewa jino, akatoka nje kuvuta hewa.

Masanduku yaliacha kurudi. Mnunuzi wa ng'ambo aliandika mistari miwili tu, akiomba aongezewe, na sisi tuliisoma mistari hiyo mpaka karatasi ikachakaa.

Mkutano uliofuata nilisimama tena ukutani. Gharama ya ratili ilikuwa imepanda, na Bwana Senti alipaswa kuisoma mbele ya Meja na wenzake. Nilimwona akiishika karatasi, akiiweka chini. Kisha akafungua mlango akamwashiria Otieno, naye akaingia na sinia la mikate ya moto kutoka kwa mwokaji wa Bondeni, na siagi ya asubuhi hiyo kwenye bakuli. Bwana Senti aliwakatia yeye mwenyewe, vipande vinene, akiwapakia bila kupima. Sikuwahi kumwona akifanya kitu bila kupima.

Aliwangoja mpaka wote sita wametia mdomoni. Ndipo akaisoma namba, kwa sauti ya wazi, na Meja, mdomo umejaa, akanyoosha mkono kuomba kipande kingine.